Nimenunua albamu ya mbwa wa jeshi la Japani, sasa muuzaji anataka nimng'olee picha tisa tu

Mjomba shikamoo,

Mimi msomaji wako wa siku nyingi, nlianza kukufuata wakati ule unamjibu yule dada wa sarafu za Mjerumani, nikasema huyu mzee anavijua vitu vya kale na watu pia anawajua. Leo nina langu, naomba jina usilitoe.

Niko Japani mwaka wa sita huu, naishi Chiba, kazi yangu ni kwenye yadi ya magari yaliyotumika, tunakata spea na kupakia makontena yanayokuja huko Dar. Jumapili nikiwa ofu huwa naenda kwenye gulio moja linafanyika uwanja wa hekalu, watu wanatandika turubai chini wanapanga vikombe, saa, sare za zamani, vitabu, picha. Siku moja napitapita nikakuta postikadi ina mbwa kasimama kwenye theluji, shingoni kafungwa kitu kama kopo dogo, masikio yote mawili kayageuza nyuma, anamsikiliza mtu ambaye kwenye picha hayupo. Mjomba mimi nimekulia Muheza, babu alikuwa na mbwa wa kufukuzia nguruwe shambani, yale masikio nayajua. Mbwa akiyageuza vile ujue mwenyewe ameshaongea, na yeye kashaelewa, anasubiri tu aachiwe. Nikainunua, ndo ukawa mwanzo.

Mpaka sasa nina postikadi 31 na kibati kimoja cha shaba kina alama ya mbwa. Alafu mwezi wa kumi na moja nikakutana na albamu. Ukubwa wake kama kaunta buku, jalada la kitambaa, kurasa nyeusi, picha zimeshikwa na vile vikona vya karatasi na chini kuna maandishi ya wino mweupe. Nimelipa yen 18,000 na hapa nakiri, ilikuwa hela ya bati. Nyumba yetu Tanga imesimama kwenye lenta toka mwaka juzi inasubiri kupauliwa.

Ndani kuna picha 46, mbwa yumo kwenye 17. Ya kwanza ni jemani shepadi mbele ya nyumba ya mbao, kavishwa mshipi mpana wa kitambaa una maandishi makubwa, nyuma kuna bendera, pembeni kuna mtoto wa kike kama miaka saba hivi, nywele zimekatwa sawasawa juu ya macho. Mkono wake uko mgongoni kwa mbwa na vidole vimezama kwenye manyoya mpaka huvioni. Huyo mbwa sikio la kulia ncha yake imekunjika, haisimami. Kurasa zinazofuata yuko mafunzoni, anaruka ukuta wa mbao, anatambaa chini ya waya, anakimbia na kile kikopo shingoni. Kuna treni, kuna theluji, kuna askari wamekaa wanakula na yeye yuko katikati yao kalaza kidevu kwenye buti la mmoja. Mjomba ukiiona hiyo utalia. Ukurasa wa kabla ya mwisho kuna watu wanne wamechuchumaa wamefungwa mikono na mbwa kakaa mbele yao, ni yuleyule, sikio lilelile.

Sasa matatizo yangu. Kazini nina mwenzangu Mchina, kaka mpole sana, tulikuwa tunakula pamoja kila mchana. Nikampelekea albamu kwa nia njema anisomee maneno, maana nilijua herufi zao zinafanana. Alisoma mawili matatu, anafunua, anafunua, alipofika ukurasa ule akaifunga taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili, akarudi kazini. Toka siku hiyo salamu ananipa ila kula anakula peke yake. Wiki ya tatu hii.

Pili, muuzaji mmoja pale gulioni kaiona, anataka picha tisa tu, zile nzuri, ya mtoto na za mafunzo na ya buti, kila moja yen 10,000. Hizo zingine anasema hana haja nazo nitupe au nibaki nazo. Ni yen 90,000, huko nyumbani ni zaidi ya milioni, bati hizo zinakaribia.

Tatu, mke wangu. Nilituma picha kwa mdogo wangu akamwonyesha. Akanipigia usiku akaniambia watoto wa wenzio wamelala chini ya bati wewe unawalipia mbwa waliokufa. Na mama mkwe naye kasema hizo picha zisiingie kwenye nyumba ile, malaika hawaingii kwenye nyumba yenye mbwa na mapicha.

Naomba unishauri, hizi picha ni za kweli au nimepigwa? Niziuze? Na huyu kaka nimemkosea wapi? Sijawahi kukosana na mtu kwa ajili ya kitu nilichokipenda.

Mpwa wako, Chiba

*

Marahaba mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile ya tatu nilikuwa nafuatilia sikio tu. Usizing'oe. Nimetanguliza jibu kwasababu najua huyo muuzaji anakungoja Jumapili, sasa kaa nikueleze, na la mkeo nitalifikia, maana hapo hujanifurahisha hata kidogo.

Baba yangu alikuwa Keya, yani askari wa Mwingereza. Alikuwa Burma mwaka 1944 na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ndo hao walioshuka bonde la Kabaw kipindi cha masika, matope mpaka magotini, wakafika mto Chindwin Desemba, na waliokuwa wanapigana nao ni Wajapani, jeshi hilohilo la kwenye albamu yako. Alirudi na picha moja tu, askari sita mbele ya lori. Siku alipofariki tukawa tunatafuta picha ya kuweka kwenye ratiba ya maziko, mtu wa humuhumu ndani akachukua mkasi akakikata kichwa na mabega, hizo karatasi zingine zikafagiliwa. Ninayo mpaka leo, ina ukubwa wa kiberiti. Kwenye bega la kushoto la baba kuna vidole vinne vya mtu. Sijui ni vya nani, na kila aliyekuwa anamjua ameshakufa. Nakwambia hivi ili ujue sisemi kwa kusoma vitabuni, mkasi wa dakika moja nimeishi nao miaka zaidi ya thelathini.

Tuje kwenye kama umepigwa. Kwa ulivyoieleza naona ni ya kweli, ila pima mwenyewe. Tafuta zile tochi za mwanga wa zambarau wanazokagulia noti bandia, hata kwenye baadhi ya simu za kichina zimo, ingia chumbani uzime taa uimulike picha moja moja. Karatasi za picha za toka miaka ya 1950 zilianza kutiwa dawa ya kuzing'arisha, kwahiyo picha ikiwaka buluu kali kama shati jeupe disko, hiyo haikusafishwa mwaka 1938, ni ya baadae imechomekwa. Isipowaka sana ni dalili nzuri ila sio hati ya kiapo. Alafu chukua lenzi ya kukuzia uangalie uso wa mbwa. Picha halisi kivuli kinaingia kwenye mwanga taratibu hakuna vitone, ila ukiona vitone vimepangana kama chandarua basi hiyo imepigwa chapa kiwandani. Kwenye postikadi vitone sio kosa, nyingi zilikuwa hivyo tangu zinatoka, ila kwenye albamu ya mtu binafsi ukivikuta jiulize imetoka wapi. Na tazama sehemu nyeusi ukiinamisha picha dirishani, kama pembeni pana mng'ao wa kifedha kama magamba ya dagaa, usiogope, ndo fedha yenyewe iliyomo kwenye picha imepanda juu kwa uzee.

Postikadi zako zigeuze nyuma. Wajapani kabla ya 1945 maneno ya mlalo mara nyingi waliyaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwahiyo neno la kadi ya posta litaanzia kulia. Na hilo neno lenyewe ni saa ya ukutani kabisa, mpaka mapema 1933 liliandikwa hakaki kwa herufi tupu, "yubin hakaki", kuanzia hapo wakaweka vile vidoti viwili vidogo juu ya ile "ka" ya katikati ikasomeka "hagaki". Sasa mtu akikuuzia kadi ya mbwa wa mwaka 1931 na ina vidoti, mwambie abaki nayo. Ikisomeka kutoka kushoto, hiyo mara nyingi ni ya baada ya vita. Kuhusu miaka, kwenye wino mweupe tafuta neno Showa, yani enzi ya mfalme wao wa wakati ule, na namba, ongeza 1925, yani Showa 13 ni 1938. Hicho kibati cha shaba sitakisemea, vibati vinafyatuliwa mno, usinunue kingine.

Sasa nikwambie ulichonunua ni nini. Wewe uko Chiba, na mambo haya yalianzia hapohapo Chiba, shule ya jeshi la miguu ndiko walikoanza kuwafanyia majaribio mbwa wa vita mwaka 1919, baada ya kuona Wazungu walivyowatumia kwenye vita kuu ya kwanza. Na hawa jemani shepadi Wajapani waliwakuta Tsingtao, koloni la Mjerumani kule China waliloliteka 1914. Kwahiyo Mjerumani aliyekuwa huku kwetu akipigana Tanga mwaka uleule ndo huyohuyo aliyeacha mbwa kule, dunia ilikuwa inazunguka na meli zilezile. Kile kikopo shingoni ulichokipenda ni cha barua. Mbwa wa ujumbe alikuwa na walezi wawili, mmoja huku mmoja kule, anakimbia kati yao na karatasi shingoni simu ikikatika. Kwahiyo umemsoma sawasawa kutokea Muheza, yule anamsikiliza mtu kweli, na mbele yake kuna mtu mwingine anamngoja.

Alafu ikaja usiku wa tarehe 18 Septemba 1931, karibu na Mukden, ambayo leo ni Shenyang. Maofisa wa Kijapani wenyewe waliripua kipande cha reli yao, wakasingizia Wachina, wakaivamia kambi ya jeshi la Kichina usiku uleule na ndo ikawa kisa cha kuimeza Manchuria nzima, kule kaskazini mashariki mwa China. Kwenye mapigano hayo wakafa mbwa wawili wa Kapteni Itakura Itaru, jina lao Kongo na Nachi. Ikawa habari kubwa. Walitungiwa somo kwenye kitabu cha watoto wa shule ya msingi, kwamba walikutwa wamekufa na vipande vya sare ya adui bado viko mdomoni. Mwaka 1933 walipewa nishani na sanamu ikasimamishwa Zushi, karibu na Yokohama. Mwaka kabla yake, 1932, kikaundwa chama cha kifalme cha mbwa wa jeshi kikawa kinaandikisha mbwa wa raia, aina tatu tu, jemani shepadi, Doberman na Airedale. Watoto wakafundishwa kwamba mbwa wa nyumbani kwao naye anaweza kuwa Kongo.

Yule mtoto wa picha ya kwanza huenda alikisoma kitabu hicho. Lile gwaride la mshipi na bendera ndivyo walivyokuwa wanaagwa askari wa kweli, na mbwa akaagwa vilevile. Tazama tena vile vidole. Wewe umeona upendo na upendo upo, ila mtoto anayembembeleza mbwa huwa anapapasa, hachomeki vidole mpaka kwenye ngozi. Huyo alikuwa amemshika asiende.

Na huenda hakurudi. Mbwa waliovuka bahari kwenda na lile jeshi karibu wote hawakurudi, vita ilipoisha 1945 waliachwa hukohuko au wakauawa. Hata waliobaki nyumbani wengi hawakupona, mwishoni mwa 1944 serikali iliwaambia raia wapeleke mbwa wao wa kawaida, wakachinjwa kwa ajili ya ngozi. Yani nchi iliyowafundisha watoto kumpenda Kongo ndo hiyohiyo iliyowatuma kumvuta mbwa kwa kamba wakamkabidhi. Siku ukiwa na nafasi nenda Yasukuni pale Tokyo, hekalu la roho za waliofia vitani, kuna sanamu ya mbwa imewekwa Machi 1992, pembeni yake kuna ya farasi na ya njiwa wa barua. Watu wanasimama hapo na wanahuzunika kweli, sio maigizo. Ila hekalu hilohilo mwaka 1978 liliingiza humo na viongozi 14 walioshtakiwa kuwa wahalifu wakubwa wa vita, na ndo maana Mchina na Mkorea wakilisikia jina hilo uso unabadilika.

Hapo sasa ndo tunafika kwa rafiki yako.

Rudi kwenye barua yako uisome. Masikio ya mbwa wa postikadi umeniandikia mistari mitatu. Kidevu kwenye buti umeniambia nitalia. Wale watu wanne waliofungwa mikono umewapa nusu ya sentensi, na nusu iliyobaki ukampa sikio la mbwa. Walivaa nini? Kuna mzee? Nani anatazama kamera? Hujaniambia, na nadhani hukuangalia. Sikusemi kwa ubaya mpwa wangu, jicho likipenda kitu linakimbilia hapo, mimi mwenyewe nimewahi kuwa na picha ya bandari ya Bagamoyo mwaka mzima nasifia majahazi mpaka mjukuu wangu akaniuliza babu mbona hawa wana minyororo shingoni. Yule kaka aliyesoma maneno yale hakumuona mbwa kabisa. Aliona watu wanne wamechuchumaa kwenye ardhi ambayo huenda anaijua kwa jina, na mwenzie wa kula naye kasimama pembeni anatabasamu anangoja kuambiwa mbwa anaitwaje.

Kwahiyo usimwandalie hotuba wala usimwambie wewe hukupigana na kwamba wewe ni Mswahili tu unapenda wanyama. Mfate mchana mkiwa wawili, mwambie: ile picha ya wale watu niliipita kwasababu nilikuwa namtazama mbwa, nimekosa, nimerudi nimewaangalia. Lakini kwanza uwe umerudi umewaangalia kweli, usiku mzima ukitaka. Akinyamaza, nyamaza naye. Albamu usimpelekee tena mpaka aiulizie mwenyewe, na asipoiulizia maisha yake yote bado ni haki yake. Chakula mpelekee, hicho hakina maelezo.

Na kwasababu hiyohiyo ndo nasema usizing'oe. Muuzaji amekuchagulia tisa, mtoto, mafunzo, buti. Sio mjinga, anajua zinazonunuliwa. Mtu akizipata hizo tisa peke yake anapata hadithi ileile ya kitabu cha shule cha wakati ule, mbwa mwaminifu, mtoto mzuri, askari mpole, basi. Zile 37 zitabaki na wewe au zitaingia kwenye pipa na wale wanne watakuwa watu wowote popote. Lakini sikio lililokunjika linatembea kutoka vidole vya mtoto mpaka mbele ya wale waliofungwa, ukurasa kwa ukurasa, na hakuna anayeweza kusema huyo ni mbwa mwingine. Magazeti ya wakati ule yalikaguliwa na jeshi kabla ya kutoka, picha kama ile ya ukurasa wa mwishomwisho usingeikuta humo kirahisi. Ilibaki kwenye albamu ya askari tu, na kwa bahati imefika kwako ikiwa nzima. Mimi ningetoa chochote nizipate zile sura tano za lori la baba yangu.

Mkeo sasa. Mkeo ana haki, na usinijibu. Hela ya bati sio yako peke yako, umeitoa kimya kimya na yeye akajua kwa mdomo wa shemeji, hilo ndo limemuuma kuliko hata yen zenyewe. Leo mpigie umwambie kiasi, elfu kumi na nane, usipunguze, na zile postikadi 31 nazo umtajie bei zake. Alafu hizo postikadi uza. Zilichapwa kwa maelfu kila moja ikajitosheleza toka siku ya kwanza, kuziuza hakukati kitu cha mtu. Baki na ile ya theluji kwasababu ndo iliyokuita, zilizobaki 30 mpelekee huyohuyo muuzaji, mwambie albamu haiuzwi kipande ila hizi chagua, na kibati mwongezee. Hutapata 90,000. Utakachopata kiende Western Union siku hiyohiyo na risiti umtumie mkeo. Na usinunue hata bahasha pale gulioni mpaka bati la mwisho lipigiliwe. Akikuona umetimiza hilo atakusikiliza habari ya yule mtoto, wanawake wanaelewa habari ya mtoto aliyenyang'anywa kitu haraka kuliko sisi.

Kwa mama mkwe mimi sio sheikh, hadithi aliyoitaja ipo na watu wanaishika, na maulamaa wana maneno yao juu ya picha iliyotundikwa na iliyofungiwa. Muulize imamu wenu kwa adabu. Kwa upande wangu nakwambia albamu ya namna hii haitundikwi hata na asiyeamini kitu, inakaa ndani ya boksi. Na kama nyumba ile ni ya mama naye kasema isiingie, basi isiingie, Tanga hewa ya bahari itaila tu.

Itunze hivi. Picha usizibandue kwenye zile kurasa nyeusi, katikati ya kurasa weka karatasi nyeupe isiyo na asidi, maduka ya vifaa vya sanaa huko yanazo. Plastiki yoyote yenye harufu kama pazia jipya la bafuni isikaribie. Usilaminishe, na selotepu usiijue. Ilaze chali ndani ya boksi la karatasi, kabatini katikati, sio uvunguni sio juu ya dari, na kwasababu huko Japani mwezi wa sita mvua zinashuka wiki kwa wiki, tupia humo vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na vifaa vya umeme, ubadilishe kila baada ya muda. Mikono iwe mikavu na misafi, na wewe unashika spea za magari kutwa nzima kwahiyo nawa mara mbili.

Kabla ya yote leo usiku chukua penseli laini, andika namba kwenye kona ya kila ukurasa kwa nyuma, alafu piga kila ukurasa mzima mzima kwa simu, wino mweupe uonekane, ndipo upige picha moja moja. Muulize aliyekuuzia albamu aliitoa wapi, nyumba iliyovunjwa, mnada, mtaa gani, andika na hilo. Ule mshipi wa mbwa unaweza kuwa na jina la ukoo, na albamu nayo huenda imeandikwa jina la askari. Hayo usiyaanike mtandaoni wala sura ya mtoto usiisambaze, yule kama yupo hai ni bibi wa miaka tisini na kitu, huenda ana watoto na wajukuu, na kama huyo askari wa albamu ni babu yao huenda hawajui kwamba alikaa na wale waliofungwa. Pale Kudanshita Tokyo kuna makumbusho ya Showakan, yalifunguliwa 1999, yanahusu maisha ya raia wakati wa vita na baada yake. Nenda na zile picha za kwenye simu, waulize maandishi yanasemaje na kama familia inaweza kutafutwa kwa njia ya heshima. Siku ukichoka kuitunza, mahali kama hapo ndo pa kuipeleka, nzima, na ule ukurasa ukiwemo.

Kitu kimoja cha mwisho. Hujaniambia mbwa anaitwa nani. Nadhani wino umefifia maana ungeshanitajia. Zima taa, washa tochi ya kawaida uilaze ubavuni kabisa mwa karatasi, mwanga upite juujuu kama jua la saa kumi na mbili jioni, wino mweupe ukishakauka huwa na unene kidogo na utatupa kivuli. Piga hapo picha ya ukurasa wa kwanza, chini ya yule mtoto, unitumie.

Mjomba wako